Mistari 625 na kanda za Bugomora

Ukitaka kuhamisha kanda ya zamani ya video kutoka kwenye deki kwenda kwenye kompyuta, utakutana na menyu moja ambayo watu wengi huipita bila kuisoma. Ndani yake kuna orodha ya majina makavu kabisa: NTSC_M, PAL_B, PAL_D, PAL_I, SECAM_K1, na mengine mengi ya namna hiyo. Fundi mzoefu hubofya PAL_B na kuendelea na maisha yake. Mimi nimekaa na orodha hiyo kwa wiki kadhaa, na nimeanza kuisoma kama mtu anavyosoma ramani ya kikoloni. Mipaka ilichorwa mbali, na watu wakajikuta wapo upande huu au ule.

Najua hapa tumezoea kujadili riwaya na diwani. Nivumilieni kidogo. Suala lenyewe ni la unakili, na unakili ni jambo letu tangu enzi za karani na wino.

Tuanze na mstari. Televisheni ya zamani, ile ya analogia, haikuwa na picha kamili kama ya filamu. Ilikuwa na mstari mmoja wa mwanga unaochorwa haraka sana, kisha mwingine chini yake, mpaka kioo kijae. Wamarekani waliamua mistari iwe 525. Ulaya karibu yote ikaishia kwenye 625, ambayo takribani 576 ndiyo huonekana. Kasi nayo ilifuata umeme wa ukutani: Marekani umeme hupiga mara 60 kwa sekunde, kwa hiyo kioo chao kilijazwa nusu kwa nusu mara 60, Ulaya ni 50, na kioo kikafuata 50. Sisi tulirithi umeme wa mara 50 kutoka kwa Waingereza, na mistari 625 ikaja nyuma yake kama ndama anayemfuata mama.

Ugomvi mkubwa ulikuwa wa rangi. Mfumo wa rangi wa Marekani, NTSC, ulipitishwa mwaka 1953, na ulikuwa na tabia ya kubadilisha rangi ya ngozi ya mtangazaji kila mawimbi yalipoyumba njiani. Mafundi waliutania kwamba herufi zake zinamaanisha rangi haijirudii ileile mara mbili. Mjerumani Walter Bruch, akifanya kazi Telefunken mjini Hannover, akaja na dawa mwanzoni mwa miaka ya 1960: mstari mmoja ukipelekwa na kosa la rangi, mstari unaofuata unageuzwa kinyume, na makosa mawili yanafutana. Huo ndio PAL. Wafaransa hawakutaka cha Mjerumani wala cha Mmarekani, wakabaki na wao, SECAM, kazi ya Henri de France. Mwaka 1967 mifumo yote miwili ilikuwa hewani. Umoja wa Kisovieti ukachukua SECAM. Makoloni ya zamani, kwa sehemu kubwa, yakaenda na wakoloni wao.

Sasa tazama ukanda wetu. Kenya ilianza televisheni mwaka 1962, Uganda mwaka 1963, bado picha ni nyeusi na nyeupe, na rangi ilipokuja baadaye ikawa PAL. Zaire na Burundi, waliotawaliwa na Wabelgiji na kuzungumza Kifaransa, wakaingia SECAM. Zanzibar ilifungua televisheni yake mwaka 1973, moja kwa moja kwa rangi, na mara nyingi hutajwa kuwa ya kwanza ya rangi Afrika kusini mwa Sahara. Tanzania Bara haikuwa na kitu. Serikali ya Nyerere ilihesabu televisheni kuwa anasa isiyostahili nchi yenye vijiji visivyo na maji, na hoja hiyo, hata ukiipinga leo, haikuwa ya kijinga.

Kuna kichekesho kidogo kwenye menyu ile kwa mtu wa Kiswahili. Majedwali ya kimataifa yaliiweka Zanzibar kwenye PAL I, ileile ya Uingereza, wakati Kenya na Uganda zilikuwa PAL B. Kwa macho hakuna tofauti yoyote, kwani mistari ni ileile na rangi ni ileile. Tofauti iko kwenye sauti. Kwenye B sauti husafiri megahezi 5.5 kutoka kwenye picha, kwenye I husafiri megahezi 6. Kwa hiyo seti iliyotengenezwa kwa B peke yake, ukiielekeza Unguja, ingekuonyesha mtu anafungua mdomo na kufunga huku spika ikivuma tu. Mwaka 1928 kikao cha Mombasa kilikaa na kuamua kwamba Kiunguja ndicho kiwe msingi wa Kiswahili sanifu kwa maeneo yote ya Afrika Mashariki chini ya Waingereza. Miaka 45 baadaye Unguja ileile iliyotupa sauti moja ikarusha televisheni ambayo seti ya jirani haikuweza kuisikia. Sijui kama Bruch angecheka. Mimi nilicheka.

Lakini Bara hatukusubiri televisheni. Tulianza na video. Biashara ilipofunguliwa enzi za Mzee Mwinyi, deki na seti zikaingia na wasafiri kutoka Dubai na kwingineko, na mtu mwenye jenereta na chumba cha mabati alikuwa tayari na ukumbi. Kibanda umiza, ndivyo tulivyokiita, na mgongo wa aliyekaa kwenye benchi ya mbao filamu mbili mfululizo unajua kwa nini. Hao walikuwa watazamaji wasio na kituo cha televisheni. Kwao neno «video» lilitangulia neno «chaneli». Ndani ya vibanda hivyo ikazaliwa sanaa ambayo bado hatujaipa heshima yake: watu waliosimulia filamu za Kihindi, Kichina na Kimarekani kwa Kiswahili, papo kwa papo, kisha wakaanza kurekodi masimulizi yao juu ya kanda zenyewe. Maarufu zaidi Dar es Salaam alikuwa Derek Mukandala, aliyejulikana kama Lufufu. Mtafiti wa Kijerumani Matthias Krings ameandika juu yao kwa uzito unaostahili. Sisi wenyewe, wapenzi wa fasihi simulizi, tulikuwa wapi? Lufufu alikuwa fanani kwa kila kipimo tunachofundisha darasani, isipokuwa hakuwa amekaa chini ya mti.

Sheria ya utangazaji ya mwaka 1993 ilifungua mlango, na mwaka 1994 ITV ikaanza kurusha kutoka Dar es Salaam. Mwaka huohuo, mwezi Aprili, Wanyarwanda wapatao robo milioni walivuka daraja la Rusumo ndani ya kama siku moja na kuingia Ngara. Kamera za dunia nzima zikaja. Kwa hiyo mkoa wa Kagera ulionekana kwenye televisheni za London na Atlanta kabla watu wake wengi hawajawahi kuona kituo chochote cha nchi yao kwenye kioo. Picha hizo zimetunzwa vizuri sana, kwenye kanda za kitaalamu, kwenye maghala yenye hewa baridi, na ukitaka sekunde kumi utalipia. Harusi, misiba, vipaimara na mikutano ya ukoo ya Kagera ya miaka hiyohiyo ipo chini ya vitanda.

Kwa mjomba wangu Bugomora ipo ndani ya sanduku la bati. Kata ya Bugomora iko Kyerwa, wilaya iliyomegwa kutoka Karagwe mwaka 2012, nchi ya migomba na kahawa, na Mto Kagera ndio mpaka wetu na majirani. Nilikwenda huko kwa msiba, nikabaki siku tatu zaidi kwa ajili ya sanduku. Lilikuwa na kanda kumi na moja. Tisa ni za VHS za kawaida, zile E-180 za saa tatu. Moja iliandikwa Bujumbura na ikichezwa kwenye deki yetu inatoa picha iliyotulia, nyeusi na nyeupe, kwa sababu ni SECAM: mistari ni 625 kama yetu, rangi tu ndiyo deki haiwezi kuisoma. Na moja ilitumwa na binamu kutoka Marekani mwaka 2001, mahafali yake ya chuo. Hiyo ni NTSC. Walipoiweka kwenye deki ya nyumbani picha ilibiringika kama gurudumu, wakaitoa. Mama yake amefariki bila kuyaona mahafali ya mwanawe. Nitakapoongea juu ya «viwango» na mtu akasinzia, namkumbusha kanda hiyo.

Kanda niliyoifuata mimi ni ya harusi ya mwaka 1996. Mpiga picha alitoka Kayanga na kamera ya begani na jenereta. Dakika kama arobaini hivi kutoka mwanzo, kabla ya chakula, babu yangu anasimama mbele ya wakwe na kujigamba. Wasomaji wa Mulokozi wanajua ninachosema. Tasnifu yake ya mwaka 1986 ilihusu tendi za enanga za Wahaya, na majigambo ya kishujaa, ambayo Wahaya huyaita ebyebugo, ni ndugu wa karibu. Ng'ambo ya mto, kwa Wahima wa Ankole, huitwa ebyevugo, na Henry Morris aliyachapa kitabu mwaka 1964. Ya kwetu Wanyambo yameandikwa kidogo mno. Mtu anayasema kwa pumzi moja, haraka, maneno yakipandana, huku akitaja mapito, ng'ombe, na watu waliokuwepo. Ukikosa konsonanti moja umekosa jina la mtu.

Kanda hiyo ilikuwa imeshanakiliwa mara mbili kabla sijafika. Mwaka 2006 mtu wa duka moja mjini aliigeuza kuwa VCD. Mwaka 2010 hivi, mtu mwingine akaichukua ile VCD na kutoa kipande cha babu kwa ajili ya simu, faili la 3GP, na hicho ndicho kipande ambacho ukoo mzima unacho. Kimezunguka mpaka Toronto. Nimekisikiliza mara nyingi. Unaona mtu mrefu mwenye kanzu na koti, uso wake ni viboksi vinne au vitano vya kahawia, na unasikia kitu kama mtu anayeongea ndani ya mtungi. Wajukuu waliozaliwa baada yake wanaamini babu alikuwa na sauti hiyo.

Hapa inabidi nieleze kilichompata, na nitajaribu kwenda polepole.

Ukinasa kanda ya PAL bila kubana chochote, kompyuta inapokea picha ya pikseli 720 kwa 576, mara 25 kwa sekunde. Saa moja inakula kama gigabaiti 75. Hakuna mtu Kyerwa mwenye nafasi hiyo ya kuchezea, na hata Masaki si wengi. Kwa hiyo lazima kubana. Kuna kubana kusikopoteza kitu, kama kodeki ya Huffyuv ya Ben Rudiak-Gould, ambayo hupanga data vizuri zaidi tu, kama mama anayekunja nguo ili begi lifunge. Unapata nusu ya ukubwa au pungufu ya hapo. Kisha kuna kubana kunakotupa. Mfumo wa DV, wa kamera ndogo za miaka ya 1990 mwishoni, hutumia gigabaiti 13 kwa saa. DVD nzuri hutumia kama tatu. VCD hutumia chini ya moja.

VCD inafikaje huko? Kwanza inachukua picha ya 720 kwa 576 na kuifanya 352 kwa 288. Yaani robo. Ile mistari ya televisheni, kumbuka, huchorwa kwa kupishana: nusu ya kwanza mistari ya shufwa, nusu ya pili mistari ya witiri, na kila nusu ni wakati wake. Kwa hiyo kanda yetu ya PAL haina matukio 25 kwa sekunde, ina 50. VCD kwa kawaida hubaki na nusu moja na kutupa nyingine. Mchezaji ngoma anayekanyaga haraka amepoteza nusu ya miguu yake. Kisha kila kilichobaki hukatwa kwenye vigae vya pikseli 8 kwa 8, na ndani ya kila kigae kodeki inauliza: ni nini hapa ambacho jicho halitakosa nikikiondoa? Inaondoa. Kisha inalinganisha fremu na fremu, na kuandika mabadiliko tu.

Tatizo la kanda ya zamani ni chenga. Kodeki haijui kwamba chenga si habari. Kwake kila chembe inayorukaruka ni mwendo, na mwendo unastahili kuandikwa, kwa hiyo inamaliza bajeti yake kuandika uchafu wa kanda, na ikifika kwenye uso wa babu haina kitu mfukoni. Ndiyo maana kanda chafu ikibanwa sana inaharibika kuliko kanda safi iliyobanwa vilevile.

Na sauti ndiyo inayoniuma. VHS ya kawaida huandika sauti kwenye ukingo mwembamba wa kanda, nayo inatembea sentimita 2.3 tu kwa sekunde. Kaseti ya muziki hutembea zaidi ya mara mbili ya hapo. Sauti hiyo ni dhaifu tangu mwanzo: ina mvumo na haifiki juu sana. Lakini sauti za s, f na sh zipo, zimebanana kule juu. Faili la 3GP la simu za wakati ule kwa kawaida lilitumia kodeki iliyotengenezwa kwa ajili ya mazungumzo ya simu, ambayo hukata kila kitu kinachozidi hezi 4,000 hivi. Yaani hapohapo zinapoishi s na f. Wahandisi hawakukosea. Walijua kwamba ukimpigia mkeo na kusema umefika salama, ataijaza ile s mwenyewe, kwa sababu anajua lugha na anajua ulichotaka kusema.

Hilo ndilo jambo ambalo sikulitegemea nilipoanza kusoma menyu zile. Kila aina ya kubana kunakotupa humtegemea mpokeaji ajaze pengo. Rangi za PAL na za kodeki zote hupelekwa kwa ufafanuzi mdogo kuliko mwanga kwa sababu jicho hujazia. Sauti ya simu hukatwa kwa sababu sikio hujazia. Na sisi tunalijua hili kwa njia nyingine, jamani. Mwandiko wa Kiarabu una alama tatu za irabu, Kiswahili kina irabu tano. Kwa mwandiko wa kawaida wa zamani p na b zingeweza kuandikwa kwa herufi moja, na v ikajificha ndani ya f. Tendi zetu za kale zilibanwa. Zilisomeka kwa sababu msomaji wa Pate au Mombasa alijua utenzi tayari, akarudisha mwenyewe kilichoachwa. Mwishoni mwa karne ya 19 mmisionari W. E. Taylor alipotaka mashairi ya Muyaka, aliyeyanakili na kuyafafanua ni Mwalimu Sikujua wa Mombasa, na bila mtu wa namna ile kando ya karatasi, beti nyingi zingebaki mifupa. Mswada peke yake haukutosha. Ulihitaji mjazaji.

Sasa kijigambo cha Kinyambo cha mwaka 1996, kikabanwa kuwa VCD, kikabanwa tena kuwa 3GP, kinamhitaji nani? Kinahitaji mtu anayejua ng'ombe wale kwa majina. Wakati kinabanwa, watu hao walikuwepo kumi au kumi na tano kijijini. Leo mjomba anawahesabu kwa vidole vya mkono mmoja, na kidole kimoja anakikunja nusu kwa sababu mwenyewe, anasema, hakumbuki vizuri.

Nilipeleka kanda kwa kijana mmoja mwenye kibanda cha kuchaji simu, kuchapa na kuhamisha kanda. Ana deki moja nzima na kompyuta ya mezani. Akaniuliza swali ambalo, kwangu, ni swali bora la uhifadhi wa nyaraka nililowahi kuulizwa: «Dada, unataka ya simu au ya kutunza?» Nikamwambia ya kutunza. Akacheka. «Ya kutunza hakuna anayetaka. Nikimpa mteja faili la giga thelathini ananirudishia, anasema halifunguki. Watu wanataka warushe kwenye grupu la ukoo leo hii.» Programu yake ilikuwa imewekwa kutoa MP4 ndogo moja kwa moja, na sauti kwa kiwango cha chini kabisa cha orodha, kwa sababu aliyemfundisha aliiacha hivyo.

Simlaumu, na sipendi makala zinazowacheka mafundi wa vibandani. Bila wao tusingekuwa na hata viboksi vinne vya uso wa babu. Deki ya mwisho duniani ilitengenezwa na kampuni ya Funai ya Japani mwaka 2016. Tangu hapo kila deki inayofanya kazi ni mzee anayeishi kwa vipuri vya marehemu. Kijana yule anajua kusafisha vichwa vya deki kwa spiriti na kitambaa laini, anajua kuifungua kanda yenye ukungu na kuihamishia kwenye kava safi. Huo ni ujuzi mkubwa kuliko wa kwangu. Kinachokosekana ni mtu wa upande wa pili wa meza: mteja anayejua kwamba «ya simu» ni nakala ya kusambaza, na kwamba kabla yake lazima kuwe na nyingine.

Tukakubaliana hivi. Menyu ya mfumo ikakaa PAL_B. Ingeweza kuwa PAL_I na hakuna ambacho kingebadilika, maana waya wa njano unatoa picha peke yake na sauti ina nyaya zake, nyekundu na nyeupe. Tofauti ya Unguja na Mombasa ilikuwa hewani tu, na hewani imeshazimwa. Dar es Salaam walizima analogia usiku wa tarehe 31 Desemba 2012, wakatupa ving'amuzi, na miji mingine ikafuata. Ukubwa ukawekwa 720 kwa 576. Mistari ikaachwa inapishana kama ilivyo kwenye kanda, ikisomwa kwa kuanza na nusu ya juu. Ukikosea hapo, mtu akitembea anaonekana anaenda mbele na kurudi nyuma. Kodeki ikawa isiyopoteza. Sauti ikanaswa bila kubanwa kabisa, kwa hezi 48,000.

Hilo la sauti nalisema kwa kila mtu sasa, mpaka nimekuwa kero. Picha ni ghali, sauti ni rahisi. Saa nzima ya sauti isiyobanwa haifiki gigabaiti moja. Mtu asiye na nafasi ya picha kubwa anaweza kubana picha atakavyo na bado akaacha sauti nzima. Kwa kanda za nyumbani kwetu, ambako kilicho muhimu mara nyingi ni kilichosemwa, sielewi kwa nini orodha zote hukata sauti kwanza.

Tulinasa dakika 41. Zikatoka karibu gigabaiti 20. Uso wa babu umerudi, si wote. VHS haikuwa na mengi, kwa upana kama mistari 240, na mpiga picha wa Kayanga alisimama mbali. Lakini ana ndevu. Wajukuu hawakujua kwamba alikuwa na ndevu. Nyuma yake anaonekana mwanamke akimkanya mtoto, na mjomba anasema mtoto yule ni mimi. Sina hakika, lakini sikumbishia.

Mjomba alisikiliza kwa vipokea sauti vya masikioni, daftari la shule mkononi, akisimamisha kila baada ya sekunde chache. «Rudisha, mama. Rudisha tena.» Kwa siku mbili aliandika mistari 63. Ile iliyosikika kwenye 3GP kama mvumo mmoja mrefu ilikuwa majina saba. Mawili kati yake ni ya watu ambao viwanja vyao bado vina mgogoro, na mjomba alinyamaza hapo kwa muda kabla hajaendelea kuandika. Sehemu mbili kanda imekunjamana na hazisikiki hata kidogo. Ameziachia nafasi tupu.

Sehemu ya tatu inasikika safi, kila silabi, na hakuna aliyeijua. Si mjomba, si shangazi, si yule mzee wa jirani tuliyemwendea jioni. Mjomba ameliandika neno kama lilivyo na kuweka alama ya kuuliza pembeni. Kuna mzee upande wa Kikagati, Uganda, anayesemekana alichunga na babu ujanani. Binamu yangu huvuka Murongo kwa biashara zake karibu kila wiki. Faili la sauti peke yake, megabaiti 470, liko kwenye simu yake, na ameambiwa asilitume kwa WhatsApp.